Msimamizi Mwenye Muhuri

Jumatatu, 3 Machi
Wosia wa baba mdogo umesomwa leo ofisini kwa wakili. Jina langu limetajwa la kwanza kabisa! Mimi ndiye msimamizi wa wosia. Dada yangu mkubwa kapewa cheo kidogo, mdhamini: atamtunzia mjukuu wa marehemu duka la kutengeneza saa mpaka binti awe mtu mzima. Masikini Dada. Kazi ya ulezi! Hapo hapo nikatoka nje kuwapigia simu wote walionidharau. Niliporudi wakili alikuwa anakunja karatasi zake. Akauliza kama nimesikia yote. Nikamwambia mtu mzima harudiwi. Nikapewa nakala ya wosia na funguo za duka.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa fundi mihuri. MSIMAMIZI MKUU, wino wa zambarau. Akaniuliza mkuu wa nani. Watu wengine wana roho mbaya tu. Nimekaa dukani kwenye kiti cha marehemu, nikagonga muhuri kwenye kalenda, kwenye meza, kwenye kila ukurasa wa wosia. Saa zote ukutani zimesimama, hakuna wa kuzitia ufunguo. Kimya kilizidi. Nikamkumbuka akinifundisha kusoma saa baada ya mama kufariki, mimi kila mara najibu saa tatu kwa kubahatisha. Hakuwahi kunicheka. Nikafunga mapema.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Nilikwenda kwa wakili kuulizia ukubwa wa madaraka yangu. Akanieleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji: msimamizi anakusanya mali, analipa madeni, anamkabidhi kila mtu chake, basi, kazi imekwisha. Mdhamini ndiye anayebaki, anatunza kilichowekwa kwa ajili ya mtoto, miaka na miaka. Kumbe mimi mpita njia, Dada ndiye mwenyeji! Akaongeza kwamba sote wawili tunashika mali ya watu, si yetu. Hilo sikulitilia maanani. Njiani nikapata wazo. Nisipokabidhi, kazi haiishi. Kazi isipoisha, mimi bado mkuu. Hivi akili zote hizi nilikuwa nimezificha wapi?

Jumapili, 9 Machi
Dada kaja kudai funguo. Fundi Miwani, aliyefanya kazi na marehemu, yuko tayari kupanga duka, na kodi yake ndiyo karo ya binti. Nikasema bado nahesabu mali. Akauliza hesabu gani, ya saa mbovu? Nikasema zipo zenye mshale mmoja, zinachanganya. Basi, akasema, angalau nikaangalie bati juu ya kabati, maana marehemu alikuwa akihamisha vitu kila mvua ikikaribia. Yaani ananifundisha kazi! Nikamwambia mdhamini hamwamrishi msimamizi. Akaondoka, chai yake hajaigusa.
Binti alikuwa naye. Aliniamkia, shikamoo baba, akaniuliza kama shule watamsubiri. Nikamjibu mambo ya sheria hayana haraka. Akaitikia kwa adabu. Hiyo adabu inanisuta mpaka sasa.

Jumatano, 12 Machi
Mvua tangu alfajiri. Niko nyumbani, funguo mfukoni. Mkuu haendi kulowa.

Ijumaa, 14 Machi
Ole wangu! Nimefungua duka, maji yakanipokea mlangoni. Bati limeachia pale pale aliposema Dada, na kabati limejaa maji kama karai. Chini kabisa kulikuwa na saa ya ukutani ya mbao, imevimba, uso umebanduka. Niliijua kabla sijaishika. Saa ya mama yangu, iliyoharibika mimi nikiwa mdogo. Nilidhani ilishatupwa.
Nikakimbia kwa wakili nayo kifuani, shati linachuruzika. Aliniangalia kwa huruma. Akasema hiyo ilikuwa yangu. Marehemu aliitengeneza katika ugonjwa wake, polepole, mpaka ikatembea na kugonga, akaniachia kwenye wosia. Sehemu hiyo ilisomwa nikiwa nje napiga simu. Nakala yangu nilikuwa nimeigonga muhuri kila ukurasa, sikusoma hata mmoja. Kukabidhi ndiyo kazi niliyokuwa naikwepa, na wa kukabidhiwa nilikuwa mimi! Nimelia mbele ya karani. Ningemwomba radhi baba mdogo, lakini hayupo, na inaniuma sana.

Jumamosi, 15 Machi
Nimempa Dada funguo. Akazihesabu, akazitia mkobani. Afadhali angenitukana. Fundi Miwani kaanza kukausha duka, na binti atarudi shule Jumatatu. Nikamwonyesha fundi ile saa. Akasema mbao zimekwisha, mashine labda. Akabonyeza kitu ndani, ikagonga mara moja, ikanyamaza. Nikageukia ukutani nisionekane. Nimeapa: vyeo basi, maisha yangu yote.
Tulipokuwa tunaagana Dada akaniomba kitu. Jumatatu anampeleka binti shule, kwa hiyo nishike funguo mpaka jioni, nimfungulie fundi wa bati. Nishike tu, akasisitiza, nisiguse kitu.
Nimepitia kwa fundi mihuri. KAIMU MDHAMINI, safari hii wino mwekundu. Akaniuliza kaimu wa siku ngapi. Mtu huyu roho mbaya haimtoki.