Nyumba Nzima Imenenepa Wiki ya Mahafali

Jumatano, 29 Oktoba

Zimebaki siku kumi. Binti yangu mkubwa anahitimu unesi Jumamosi ya wiki ijayo. Wa kwanza ukoo mzima! Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Kwa hiyo nimeapa. Siku hiyo atavaa gauni lililotoka kwenye mikono yangu, na sisi wa nyumbani tutavaa kitambaa hicho hicho, kijani chenye maua meupe. Mimi gauni. Baba Watoto shati na suruali. Mama mkwe kilemba na mkoba.

Wifi alipita asubuhi. Huyu dada wa mume wangu anauza nguo dukani, na ulimi wake hauna pindo. Akasema gauni la mahafali si pazia la jikoni. Akasema yeye kama shangazi ameshamwekea mtoto gauni la dukani, liko kwenye mfuko, tukikwama tumwambie. Tukikwama! Nilimmiminia chai huku moyoni namsema.

Vipimo ninavyo. Binti alipokuja mwanzoni mwa mwezi huu niliwapima wote kwa kamba, kama marehemu mama alivyonifundisha. Kila mtu kamba yake, kila kipimo fundo lake. Bega, kiuno, kifua, urefu. Kamba ya Baba Watoto ina kifungo mwishoni, yangu ina shanga, ya binti ina kitambaa chekundu. Zinaning'inia msumarini nyuma ya mlango. Wifi anasema siku hizi watu hutumia tepu. Hiyo tepu ina namba upande huu na namba nyingine upande wa pili. Mtu mmoja awe na viuno viwili? Mimi hapana.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimeamka nianze kukata. Msumarini hakuna kitu. Nikatafuta chini ya kitanda, kwenye debe la unga, kwenye mifuko ya koti la Baba Watoto. Nikamshuku wifi. Nikasema wazi kwamba amenihujumu. Baba Watoto akasema dada yake ana shughuli zake, hana haja ya kuiba kamba.

Kumbe ni mama mkwe. Yuko kwetu tangu mwezi wa nane, na mtu huyu hawezi kuona kitu chenye doa akatulia. Alizikuta kamba zangu zimekuwa nyeusi kwa moshi, akazitumbukiza kwenye sufuria ya shuka, akazichemsha, akazianika juani. Zinang'aa. Mafundo yote yapo, nimeyahesabu. Nimemshukuru mpaka akaona haya.

Nimekata shati na suruali ya Baba Watoto. Sikuacha kitambaa cha ziada kwenye mishono. Ukiacha ni kama hujiamini.

Jumapili, 2 Novemba

Baba Watoto amejaribu nguo. Shati lilifika kwenye vifungo likakataa. Suruali ilipanda mpaka mapajani ikasimama. Akarukaruka, ikapanda, lakini kukaa akashindwa. Akabaki katikati ya chumba, mikono imetanuka kama nguo iliyoanikwa, akaniuliza kwa upole kama siku ile kweli nilimpima yeye.

Nikachukua kamba yenye kifungo nikailinganisha na shati. Sawasawa, fundo kwa fundo. Nikaizungusha kifuani kwake. Fundo halikufika! Ilibaki nafasi ya vidole vinne. Mwezi uliopita lilifika. Kamba ni ile ile. Shati limeifuata kamba. Sasa aliyebadilika ni nani?

Amenenepa. Vidole vinne kwa mwezi mmoja, na hasemi.

Nikajipima na mimi kwa kamba yenye shanga. Vidole vinne. Nikakaa kitandani.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepunguza chakula. Mafuta nimeyafungia kabatini, sukari nimeificha mahali ambapo hata mimi sasa sipakumbuki. Mama mkwe akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumeishiwa. Nikamwambia hatujaishiwa, ila nyumba hii inavimba. Akaenda kuzitazama kuta.

Maharage, vijiko vitatu kila sahani. Baba Watoto anapaka rangi nyumba za watu, kutwa nzima yuko juu ya ngazi. Akaitazama sahani. Akaiinua, akachungulia chini yake. Akala, akasema anatoka kunyoosha miguu. Alirudi miguu imenyooka na mdomo unanuka samaki wa kukaanga.

Gauni langu nimelishona kwa kamba ile ile, maana kufika Jumamosi nitakuwa nimepungua. La binti nimelikata leo, na hilo sina wasiwasi nalo hata chembe. Yeye hayuko hapa kwenye hewa hii ya kuvimba. Yuko chuoni, anakula chakula cha bwenini, na chakula cha bwenini hakijawahi kumnenepesha mtu. Nimekata fundo kwa fundo.

Jumatano, 5 Novemba

Siku ya tatu ya njaa na shati bado halifungi. Hajapungua hata kidole. Mtu anayenenepa bila kula ni mgonjwa, hilo halihitaji shule. Nikamburuta zahanati.

Daktari alimpandisha kwenye mizani, akaangalia kadi yake ya zamani. Akasema amepungua kilo mbili. Akauliza kama nyumbani kuna shida ya chakula. Baba Watoto akanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

Nimerudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Mizani inasema amepungua. Shati linasema ameongezeka. Mmoja wao anadanganya, na shati nimelishona mwenyewe.

Nilimuuliza daktari kama inawezekana ni mifupa imetanuka. Akaandika kitu kwenye kadi. Si kwenye kadi ya Baba Watoto, kwenye yangu.

Gauni la binti limekamilika. Zipu mgongoni, ukosi wa duara, kimfuko cha leso. Nimelitundika dirishani nikalitazama mpaka maharage yakaungua. Yalikuwa machache, hasara si kubwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Mwandiko wa leo nisamehewe.

Binti alifika mchana. Akanikumbatia, akalivaa gauni hapo hapo. Zipu ikapanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma. Nikaweka vidole kwenye ule mwanya. Vinne.

Nikahesabu tena. Kwa sababu huyu hakuwepo hapa. Hakula kwetu. Basi ni kitu gani kinamtanua msichana wa miaka ishirini na tatu, kifuani na kiunoni kwa pamoja, mwezi mmoja tu?

Nikafunga mlango. Nikaanza kwa mbali. Nikamuuliza kama harufu ya sabuni inamkera. Kama asubuhi anasikia kichefuchefu. Kama kuna kijana yeyote pale chuoni mwenye tabia ya kubeba vitabu vya watu. Alicheka mwanzoni. Alipoelewa aliacha kucheka, akanigeukia, gauni likiwa wazi mgongoni.

"Miaka mitatu nimesomea kupima watu, Mama," akasema. "Wewe umenipima kwa zipu, umeshanibebesha mimba."

Akalia. Nikalia. Mama mkwe akaingia akauliza amekufa nani.

Nikachukua gauni na kamba nikatoka mbio mpaka kwa fundi wa kona, yule ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi. Nikamweleza yote, kwamba nyumbani kwangu watu wananenepa bila kula na yeye ni mtu wa kupima miili, anisaidie. Akapima gauni. Akaweka kamba juu ya tepu yake. Akaivuta, akainusa.

"Mama, hii kamba umeifua?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba imechemshwa kabisa, kwetu ni watu wasafi. Fundi akalaza paji la uso juu ya cherehani. Mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani amepatwa na homa. Alipoinuka akanieleza kwamba kamba ya pamba ukiichemsha inajivuta, inafupika, na mafundo yanasogeleana. Alinieleza mara tatu. Ya kwanza niliitikia tu. Ya tatu ikaingia.

Hakuna aliyenenepa! Nimewashindisha watu njaa siku tano, nimemtia mwanangu doa ambalo hana, kwa sababu ya kamba.

Nikamwomba fundi alitanue gauni. Akageuza mshono akatafuta kitambaa cha ziada. Akatafuta upande wa pili. Akaniangalia juu ya miwani. Kilichobaki kimekwisha kwenye kilemba na mkoba, na hata kingekuwepo, ana lundo la sare za shule mpaka wiki ijayo.

Nimemwomba binti msamaha jikoni, yeye akiwa anamenya vitunguu, kwa hiyo sikujua machozi yalikuwa ya nani. Nikamwambia kesho avae lile la shangazi yake. Akaendelea kumenya. Kila mtu usiku huu amekula sahani mbili.

Jumamosi, 8 Novemba

Wifi alifika saa moja asubuhi na mfuko wake. Gauni la bluu, linateleza mkononi, na hata kabla hujalijaribu unaona linamtosha. Nikamshukuru. Nikatoka uani nikajifanya napanga viatu. Nilivipanga mara nne. Humo ndani nasikia sauti zao, siwezi kuelewa wanasema nini.

Mlango ukafunguka. Kijani, maua meupe.

"Juu yake kuna joho, Mama," akasema. "Nani ataniona mgongo?"

Wifi alikuwa nyuma yake, pini mdomoni, anabana pale palipokataa. Hakunitazama. Akasema kwa pembe ya mdomo kwamba ukosi, angalau ukosi, umenyooka. Hilo ni neno la kwanza zuri kuniambia tangu nimeolewa kwao. Sikujua niufanye nini uso wangu. Nikarudi kwenye viatu.

Baba Watoto alivaa za kwake kwa hiari yake, pengo la shati limefichwa na tai pana mbele. Kukaa ndiyo hawezi. Ukumbini akasimama wima ukutani masaa matatu mazima, ananyooka kama askari, mpaka watu wakaanza kumuuliza vyoo viko upande gani na wazee wakae wapi. Akawa anawaelekeza. Alipoingia mkuu wa wilaya, ni yeye aliyemsogezea kiti. Mwishoni mkuu wa chuo akamshika mkono, akamshukuru kwa maandalizi mazuri.

Walipoita jina la binti nikainua mikono nikapiga kigelegele, na mishono ya kwapa ikaachia yote miwili kwa mpigo. Mikono sikuishusha. Ningeishusha vipi? Mwanangu yuko pale juu anapeana mkono na watu wakubwa, na kila alipopiga hatua, chini ya joho jeusi yalikuwa yanachungulia maua yangu meupe. Mama mkwe alilia ndani ya mkoba.

Joto lilikuwa kali sana. Wakati wa kula wenzake wote walivua majoho. Yeye alikula na lake, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kidevu. Mwenzake mmoja akamuuliza kwa nini halivui. Akamwambia amelisubiri miaka mitatu, halivuliwi leo. Wifi akaanza kumpepea kwa ratiba ya mahafali. Na mimi nikampepea upande wa pili.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepumzika, akili imetulia. Nimelifikiria kosa kutoka mwanzo mpaka mwisho, na nimelipata. Kosa ni pamba.

Binti anaanza kazi mwezi ujao, hospitali, anahitaji sare nyeupe mbili. Nimemwambia asihangaike kwenda dukani. Akasema sawa Mama. Wifi amenitumia tepu mpya, bado iko kwenye karatasi yake. Ni roho nzuri, nimemwombea kheri. Tepu yenyewe ni imara kweli. Nimefungia nayo mlango wa kabati, ule uliokuwa unajifungua wenyewe.

Nilichokuwa natafuta ni kitu kisichofupika majini. Nimekipata: lastiki, ule mpira wa kiunoni mwa sketi. Nimeichemsha mara mbili, nikaikausha juani, haijapungua hata ukucha. Na ni nzuri kupimia, maana inashika mwili vizuri, ukivuta inakubali. Nimempima binti asubuhi, nikafunga mafundo yote. Safari hii nikasema nisiwe na haraka, nihakikishe. Mchana nikampima tena, nikavuta vizuri kabisa.

Kiuno kimepungua vidole sita tangu asubuhi.

Mtoto anakonda! Sikumwambia, asije akaogopa. Nimemkaangia mayai manne, nimevuta kigoda mbele yake, na hainuki hapa mpaka amalize.