Fundi wa Suti na Ngazi za Mama

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza mazoezi ya hospitali. Mimi! Fundi wa suti nisiye na mpinzani mtaa mzima, mtu niliyekaa nchi za watu na kuvalisha mabalozi, nimepewa kiti. Kiti! Eti nikae, ninyanyuke. Nikae, ninyanyuke. Bila kushika popote. Nikamuuliza binti wa mazoezi kama hana kitu cha kiume zaidi. Akasema taratibu, baba, moyo umetoka kupata mshtuko juzijuzi, haujakuomba kuonyesha uanaume. Kila sentensi yake ina taratibu. Nimembatiza Bi Taratibu.

Kumbe kiti chenyewe ni kichungu. Mapaja yalitetemeka kama ndama aliyezaliwa leo. Sikumwambia mtu.

Mwalimu mstaafu, ambaye kiharusi kilimshika upande wa kushoto, amepewa baiskeli! Ile isiyokwenda popote, yenye kioo kinachowaka namba. Anaikalia kama waziri. Akanitazama na kiti changu, akasema usivunjike moyo, Fundi, hata kukaa kuna watu hufeli. Nitamwonyesha.

Kabla ya yote Bi Taratibu alimuuliza kila mmoja anataka kuweza kufanya nini. Mwalimu akasema kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Nikacheka kimoyomoyo. Mimi nikasema kupanda ngazi za kwa mama, ghorofa ya nne, jengo ambalo lifti yake imekuwa stoo ya mafagio. Magoti ya mama yamegoma, hashuki. Na mimi tangu mshtuko sijapanda. Hajui kama niliugua. Anajua nimesafiri kununua vitambaa. Akisikia moyo wangu ulitaka kuzima, na wake utazima. Kwa hiyo lazima nipande kwa miguu yangu, nifike juu nacheka.

Alhamisi, 6 Machi

Mama kapiga simu. Shida ni kwamba karakana yangu iko chini ya jengo lilelile! Nampigia stori za ughaibuni nikiwa chini ya miguu yake. Akauliza hali ya hewa. Nikasema theluji hadi magotini. Akauliza huo mlio ni wa nini. Msaidizi wangu alikuwa anashona suruali. Nikasema treni. Akasema treni za huko zinafanana sana na cherehani. Nikasema ndiyo maendeleo, mama.

Mchana kaja mteja, mnene, anataka suti ya harusi nimkatie kwa vipimo vya kaka yake, ambaye ni mwembamba kama uzi, eti kwa sababu ile ya kaka ilipendeza. Nikapandisha sauti. Nikamwambia bwana wee, kila mwili na kipimo chake, ukivaa vipimo vya mwenzio utapasuka mbele za watu! Akaomba radhi. Nilijisikia profesa.

Baada ya hapo nikaketi kupanga mkakati. Kwa nini Mwalimu anapata baiskeli na mimi kiti? Upendeleo wa wasomi. Dawa ni moja: nifanye mazoezi ya Mwalimu kimyakimya, nipone kabla yake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeazima baiskeli ya jirani muuza magazeti, nikaisimamisha kwa stendi nyuma ya karakana, nikaanza kukanyaga. Chakula cha mchana niliruka ili niwe mwepesi. Akili hiyo!

Raha ilikuwa fupi. Jasho baridi. Mikono ikatetemeka. Majora ya vitambaa yakaanza kuzunguka yenyewe. Nikashuka, au tuseme baiskeli ilinishusha. Mke wangu akafika, akanipima sukari kwa kile kimashine, akapiga yowe, akaninywesha maji ya sukari. Akasema mwanamume mwenye kisukari na moyo mbovu, tena amemeza dawa, anaendesha mashindano tumbo tupu! Akauliza nilikuwa nakwenda wapi. Nikasema siendi popote, ilikuwa imesimama. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Nimemwapisha asimwambie Bi Taratibu. Ameapa. Simwamini.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu hakusema! Nimeshuhudia kwa macho yangu, hakufungua mdomo. Bi Taratibu aliniangalia tu nikitoka mlangoni hadi kwenye kiti, akashika kifundo cha mkono, macho kwenye saa yake. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, baiskeli ni ya nani.

Nikahisi nywele za mgongoni zinasimama. Mimi huwa naujua mwili wa mtu kwa futi ya kupimia. Huyu anaujua kwa kuutazama ukitembea! Anasema nachechemea kama mtu aliyekalia kiti chembamba, na vigimbi vya miguu vimekaza.

Hakunigombeza. Akaeleza. Baiskeli ya Mwalimu ni ya kuufundisha mguu wake wa kushoto uamke na kushirikiana na wa kulia. Mguu wangu haujalala, moyo ndio mgonjwa. Na dawa ninayomeza huzuia mapigo yasipande, kwa hiyo zile namba za kwenye kioo zingenidanganya. Kipimo changu ni mdomo: nitembee kasi ambayo naweza kuongea lakini siwezi kuimba. Na nisiguse zoezi kabla ya kula na kupima sukari.

Nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha. Tulipotembea ukumbini nikaimba. Ubeti mzima, na kiitikio! Nilitegemea makofi. Akasema vizuri sana baba, maana yake unatembea kivivu, ongeza mwendo. Akanikimbiza hadi nikakosa hata pumzi ya kulalamika, akasema sasa nimezidisha, nipunguze. Mwalimu alicheka hadi kanyagio likamponyoka.

Alhamisi, 20 Machi

Nimetoka kiti cha juu, niko kiti kifupi. Tena nabeba chupa za maji. Kila wiki anaongeza kidogo, kidogo sana, kama mtu anayepunguza suruali akiogopa kuharibu kitambaa. Na mapaja yananyanyuka! Sielewi yanavyojua.

Lakini leo nimeumbuka. Jumatatu nilimwona Mwalimu akihangaika na vifungo, mkono wa kushoto unatambaa juu ya shati kama kaa aliyelewa, na macho yake, sitaki hata kuyakumbuka. Nikashindwa kuvumilia. Jana nikamshonea shati zuri. Kwa nje vifungo, kwa ndani vibanio vya kubonyeza. Unapiga kifua tap, tap, tap, limefungwa! Nikampa kwa siri, bure. Hata adui ni mtu.

Akaingia ukumbini amefunga shati lote. Wagonjwa wakapiga vigelegele. Bi Taratibu akalisogelea, akabonyeza kwa kidole, akageuka moja kwa moja kwangu. Hakuuliza hata ni nani.

Akasema huo mkono unajifunza kwa kuhangaika. Ukiuondolea kazi, ubongo unausahau. Nikasimama kama mwanafunzi aliyekojoa darasani. Mwalimu akanitetea, akasema Fundi ana roho nzuri, shida ni kichwa tu. Asante kwa utetezi!

Halafu Bi Taratibu akanipa kazi. Nishone shati jingine: kifungo cha juu kikubwa kama kizibo cha soda, tundu lake pana. Cha pili kidogo zaidi. Hivyo hivyo hadi chini, cha mwisho cha kawaida kabisa. Ngazi ya vifungo! Nimeshona miaka yote hii, nimevalisha mabalozi, na sijawahi kufikiri shati linaweza kuwa dawa.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo siwezi kuandika mzaha.

Mwalimu alisimama mbele ya kioo na lile shati. Vikubwa alishavizoea. Akashuka kwenye vidogo. Kidole gumba kikatafuta tundu, kikalikosa, kikarudi. Ukumbi mzima uliacha mazoezi. Mama mmoja mgonjwa wa mgongo alibaki na mguu hewani. Kifungo cha mwisho kikaingia nusu, kikatoka, kikaingia nusu. Kikapita.

Aliushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akautazama kama mtoto aliyerudi nyumbani.

Vumbi la pamba lilinijaa machoni. Hakuna pamba pale hospitali, lakini fundi hutembea nalo.

Bi Taratibu naye alikuwa anatazama dirishani muda mrefu kupita kiasi. Baadaye akanipandisha ngazi za hospitali, hadi juu kabisa, tukipumzika kila kituo. Niliongea njia nzima. Sikuweza kuimba. Akasema baba, uko tayari.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekula. Nimepima sukari. Nimevaa suti. Mke wangu nyuma yangu na maji.

Ghorofa ya kwanza, niliongea. Ya pili, niliongea. Ya tatu mapaja yakaanza maneno, nikasimama, nikashika ukuta, nikamsikia Bi Taratibu kichwani kama redio. Taratibu. Nikauweka mkono kifuani. Kifua kilekile kilichonilaza sakafuni kati ya vipande vya kitambaa! Kilikuwa kinadunda vizuri, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Nikaogopa kwa furaha.

Mama alikuwa ameshafungua mlango. Kanishika uso kwa mikono miwili. Nikatabasamu, nikaanza habari za theluji. Akasema nyamaza, mwanangu. Kumbe kila siku alikuwa akiniona kutoka kibarazani kwake nikitembea uani na kuongea peke yangu! Kipara chako, anasema, nakijua kuliko sufuria zangu. Alijua tangu siku ya treni. Alikuwa akipiga simu asikie cherehani tu. Ikilia, mwanangu mzima.

Tulilia wote watatu. Chai ikapoa.

Kisha akalalamika magoti. Nikasema umefika kwa mtaalamu! Nikavuta kiti, nikamwekea ratiba yangu yote: kiti kifupi, chupa za maji, mwendo wa kuongea bila kuimba, halafu ngazi. Anaanza kesho asubuhi. Mama akauliza kama magoti yake na moyo wangu ni kitu kimoja. Mke wangu akasema tumuulize kwanza Bi Taratibu. Wanawake na mashaka! Nikawaambia zoezi ni zoezi, lililonifaa mimi litamfaa yeyote. Nafikiria hata kuibandika ratiba karakanani kwa ajili ya wateja.

Mama akasema basi angalau nimshonee gauni la kufanyia hayo mazoezi, la saizi ya dada yake litatosha. Nilishtuka! Nikatoa futi mfukoni, nikampima mabega, kiuno na urefu, halafu nikarudia kumpima upya, maana mwili wa mtu si kitu cha kubahatisha.