Hitilafu Inayohama

Jumatatu, 17 Machi

Ee Mungu, tena! Nimefika chumba cha kupimia masikio kabla ya wote. Nimesali, nimefuta hedifoni, nimezivaa nizisikilize. Ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi: mimi ndiye sikio la kwanza, wagonjwa huvalishwa baada yangu. Spika nyekundu, ya kulia: ti-ti-ti, safi. Ya buluu, ya kushoto: kimya cha makaburini. Mara ya tatu mwezi huu!

Nimempelekea fundi wetu, ambaye kwa balaa langu ni shemeji, kaka wa mke wangu. Saa nne kazirudisha na kikaratasi: "Nzima." Neno moja! Hata salamu hana. Mvivu yule. Nimemwombea, lakini kwa kifupi.

Jumanne, 18 Machi

Nimepata akili. Leo nimezivaa kinyume: buluu kulia, nyekundu kushoto. Buluu ikapona! Nyekundu ikafa! Nikakaa chini. Miaka kumi na tisa sijaona hitilafu inayotoka upande mmoja na kuhamia wa pili. Nimeiandika kwenye daftari la kasoro kwa herufi kubwa: HITILAFU INAHAMA. HATARI.

Shemeji alisoma, akaegemea mlango, akacheka mpaka wagonjwa kwenye benchi wakacheka naye bila kujua wanacheka nini. Akasema, shemeji yangu, hapo kitu pekee ambacho hakijahama ni sikio lako, kalipime. Nikamwambia akapime adabu zake. Nyumbani mke wangu naye ati, baba, redio yetu siku hizi inasikika mpaka kwa jirani. Ndugu hao!

Sijalipima, na sitalipima. Cheti sina. Pale kazini nina sikio tu. Likiondoka, mimi nitakuwa nani?

Jumatano, 19 Machi

Nimechoka kugombana. Leo sikusikiliza. Nimetia alama ya vema kulia, vema kushoto, amani. Nimewavalisha watu sita, na nani anavalisha kama mimi? Miwani pembeni, hereni pembeni, nywele nyuma, kikombe kimekaa sawasawa na tundu la sikio.

Wote sita, sikio la kushoto limefeli. Mmoja dereva wa lori, jitu zima, katoka analia, ati atawaambiaje wanawe kwamba hataendesha tena. Nikamfariji kwamba Mungu ana mipango yake.

Alhamisi, 20 Machi

Waya wa buluu umekatika kweli! Shemeji kaukuta ndani ya mpira wake. Siku moja tu nisiyolalamika!

Daktari wetu ni mama mpole, huongea taratibu, siku hizi taratibu zaidi. Ameamuru wale sita waitwe tena. Dereva kapimwa, yuko sawa, kanishika mikono yote miwili ananishukuru. Nikaangalia viatu. Kisha Daktari akasema kesho kwenye kiti cha wagonjwa nitakaa mimi. Nimemwambia Mungu wazi kwamba naogopa. Ila nina mpango.

Ijumaa, 21 Machi

Mpango: kupitia kioo cha kibanda anamokaa mgonjwa unakiona kiwiko cha Daktari. Kikitikisika, sauti imetumwa, nabonyeza kitufe kana kwamba nimesikia. Nilijivalisha mwenyewe, kiustadi. Kiwiko, bonyeza. Kiwiko, bonyeza. Mambo yananyooka! Mwisho akafungua mlango, akaniambia, baba, nilikuwa nakunywa chai.

Mara kumi na moja nimeisikia chai.

Akanigeuzia kiti, nikatazama ukuta. Akanivalisha upya kwa mikono yake, baadaye akanibandika nyuma ya sikio kile kidude kinachotetemesha mfupa. Nikasubiri. Kimya. Nikasubiri. Nilidhani hajaanza. Alikuwa amemaliza.

Jumapili, 23 Machi

Nimepewa kifaa cha kuvaa sikioni, kushoto. Kazi ninayo bado, ya kuvalisha. Kusikiliza asubuhi atasikiliza shemeji. Yeye! Nimeomba nife, halafu nikaomba msamaha kwa kuomba hivyo. Watu wakiuliza, nitasema Daktari kanikabidhi kifaa kipya nikifanyie majaribio.

Asubuhi hii nimekijaribu kwa siri. Bomba linadondosha maji. Nzi ana sauti! Kisha, nyuma ya pazia, mke wangu anasali. Nilidhani siku zote husali kimoyomoyo. Kumbe hutamka. Alikuwa akimlilia Mungu amlainishe mtu mmoja, kichwa kigumu, mwenye kiburi, ambaye yuko tayari wasio na kosa waumie kuliko akiri ana kasoro. Akasema anampenda hivyo hivyo alivyo, asimwache apotee.

Nimesikia kila neno. Machozi yamenitoka.

Maskini shemeji! Sikujua hali yake imefikia huko. Nimeitikia amina.