Fundi Saa Amtetea Mungu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimetukanwa na kitabu. Mwalimu mstaafu wa baiolojia alileta saa yake ya mkononi ibadilishwe mkanda, akasahau kitabu juu ya kaunta. Nikafungua nione picha. Hakina picha. Kinasema imani ni ugonjwa wa watu waoga. Sala ni kuongea na dari. Na wanaodai kwamba dunia ni kama saa, kwa hiyo lazima iwe na fundi wake, watazame goti la binadamu linavyochakaa upesi: fundi gani huyo wa kubahatisha?

Nimesoma mstari huo mara tatu. Mungu anaweza kujitetea mwenyewe, lakini hapa wamegusa mafundi saa.

Mwalimu aliporudi kukifuata, nikamwambia nitamjibu hadharani, Jumamosi, ukumbi wa kanisa. Akakubali upesi mno, akaniachia na kitabu nijiandae. Sikuipenda ile kasi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mchungaji ameruhusu mdahalo, ila pasiwe na matusi. Nilikuwa nimeshajiteua msemaji na mwenyekiti. Uenyekiti kampa fundi miwani, jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye tangu aongoze sala ndefu kanisani mwezi uliopita anatembea kama mtu aliyepigiwa simu na malaika. Sawa. Yeye ashike ratiba, mimi nitashika umati.

Mpango wangu: vipande vya saa ndani ya kopo. Natikisa mbele ya watu. Nauliza, imejiunda? Haijajiunda. Basi dunia je? Makofi. Mwalimu anatubu. Fundi miwani anavua miwani yake na kulia.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nasoma kitabu nitafute penye udhaifu. Kuna tatizo: mahali pengine kinasema kweli. Ukurasa mmoja unahusu watu wanaowaambia wafiwa kwamba msiba ni adhabu. Nimetafuta jibu tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Nikaruka ukurasa.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, aliniuliza nasoma nini hata nakunja uso hivyo. Akakichukua. Sasa anakisoma yeye, penseli mkononi. Nikamwonya kwa upole kwamba kitabu kama hicho chaweza kuyumbisha imani ya mtu mzima. Akasema imani yake imelea watoto sita, haitaangushwa na karatasi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimekosa saa ya kubomoa. Zilizopo dukani zote ni za wateja. Nimechukua saa ya kengele ya Mama mkwe, nikamwambia naisafisha.

Nilipoanza kuifungua, mkono ukagoma. Springi bado ina nguvu, ingeweza kuniruka usoni. Halafu nikakumbuka saa ya mwisho ya aina ile niliyoifungua: nilipoirudishia, skrubu tatu zilikosa makao. Kwa hiyo nimetoa kioo, mishale na ganda tu. Mashine yenyewe nimeiacha nzima, nikaiweka ndani ya kopo, chini kabisa, nikaifunika kwa skrubu na magurudumu mabovu. Nani atachungulia? Na huu si uongo. Ni muhtasari.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Ukumbi ulijaa. Mwalimu alianza, akaongea taratibu, bila hasira hata kidogo. Hilo lilinivuruga, maana nilijiandaa kumtuliza.

Zamu yangu. Nikatikisa kopo. Imejiunda? Watu wakasema haijajiunda. Nikatikisa tena. Bado. Nikanogewa. Mara ya tatu nikatikisa kwa mikono miwili, na kopo likaanza kulia.

Kengele! Kali, ndefu, ya kuamsha mtaa mzima. Nikaliweka kitini, nikalikalia. Ikaendelea kulia chini yangu. Fundi miwani, kwa sauti ya mwenyekiti, akaniuliza kama upande wangu una la kuongeza.

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mwalimu alicheka kuliko wote. Akatoa leso, akafuta macho, akaendelea kufuta, na tukaona kwamba si kicheko tena. Alisema hajacheka hivyo tangu mkewe afariki. Siku ya mazishi mtu mmoja wa dini alimwambia mkewe angepona kama yeye mumewe angekuwa na imani ya kutosha. Alirudi nyumbani, akaanza kununua vitabu vya aina ile.

Hata kengele ilinyamaza. Mama mkwe akasimama, kitabu mkononi.

“Mwalimu, nimekisoma chote. Nilipomzika mwanangu wa kwanza, nami niliambiwa maneno kama hayo. Aliyekuambia alikukosea sana. Ukurasa unaosema hivyo humu kitabuni nimeuandikia ‘kweli’. Kwingine nimeandika ‘sivyo’. Na kwingine nimemwambia huyu mwandishi apunguze hasira.”

Mwalimu akamuuliza, “Na Mungu, Mama?”

“Huyo tuligombana miaka miwili. Nisingegombana na dari muda wote huo.”

Mwalimu akasema hilo bado halimtoshi, ila angependa kuona alichoandika kwa penseli. Mama akamkabidhi kitabu. Kisha akanigeukia.

“Na wewe, mwanangu, inuka juu ya saa yangu.”

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mwalimu alikuja kunywa chai. Yeye na Mama mkwe wamekaa mezani tangu tutoke ibadani, wanabishana ukurasa kwa ukurasa, wanapitishiana penseli. Sijawahi kuona watu wawili wasiokubaliana wakafurahi hivyo. Hakuna aliyeniuliza maoni yangu.

Nilimuuliza mke wangu watu wanasemaje. Akasema wamejifunza kwamba muumini anaweza kuulizwa swali gumu na akajibu kwa ukweli, bila hila. Nikangoja ataje hotuba yangu. Akaenda kuanua nguo.

Nimelitafakari jambo hili kwa kina, na kosa nimelipata. Nilikuwa upande usiofaa. Wapinga dini ndio wenye maneno makali, tena hawahitaji vifaa. Nimemwandikia mchungaji barua ya kuomba mdahalo wa pili: safari hii mimi nitampinga Mungu, na fundi miwani amtetee, tuone kama malaika watampigia simu.

Kabla ya kufunga bahasha nikafumba macho, nikamwomba Mungu kwa moyo wote anisaidie kuthibitisha kwamba hayupo. Nimeinuka na amani tele. Najua amenisikia.