Sura ya Kuuzia Majeneza

Jumatatu, 4 Machi
Nimetukanwa ndani ya duka langu mwenyewe! Mjane kaja kununua jeneza la mumewe. Kanitazama chini ya macho, kanishika mkono, kanipa pole mimi! Kauliza nimefiwa na nani. Sijafiwa na mtu. Ni huu weusi wa chini ya macho tu, na vimfuko viwili visivyotoka hata nikilala siku nzima. Jeneza kanunua, tena la mninga, mbao ya bei. Lakini heshima yangu je?

Fundi Randa, mshindani wangu wa ng'ambo ya barabara, kacheka mpaka kashika mbavu. Yeye ambaye macho yake yamevimba kama ya chura! Nyani haoni kundule.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwona daktari wa upasuaji. Atakata kidogo chini ya kope, atatoa mafuta, atavuta ngozi. Mama watoto kasema uso wangu hauna kosa, wateja wameuzoea. Wivu huo! Anaogopa nitampita kwa urembo.

Jumanne, 12 Machi
Nilipasuliwa jana. Uso umevimba, una rangi ya zambarau. Shemeji kaja kunijulia hali, kauliza nani kanipiga. Kisha kamuuliza dada yake kwa mnong'ono kama ni yeye. Na mke wangu hakukana!

Jumatatu, 25 Machi
Uvimbe umekwisha. Kwenye kioo, kijana! Macho yamefunguka, yanang'aa. Kizuri chajiuza. Nikasimama mlangoni mapema.

Wakaja ndugu watatu, wamefiwa na baba yao. Nikawapa pole kwa moyo wote. Mkubwa wao akauliza ni kitu gani kinachonifurahisha. Nikasema hakuna. Akasema basi nimkome, maana msiba wao si harusi. Wakavuka barabara. Kwa Randa!

Alhamisi, 28 Machi
Familia nyingine, kwa Randa tena. Nimekunja uso mpaka mashavu yakauma. Nikamkumbuka marehemu mama, machozi yakatoka ya kweli kabisa. Mteja akaniambia nisimwigizie! Na yule chura kasimama tu mlangoni pake, hafanyi lolote, watu wanamlilia begani.

Jioni kaja kuomba nimkodishie nusu ya duka aweke mbao zake, eti anaona mimi nina nafasi. Nikamfukuza. Mke wangu, msaliti, kamkimbilia nje kumwambia tutafikiria, kwa sababu watoto hawali hasira zangu.

Jumamosi, 30 Machi
Nimemtaka daktari anirudishie vimfuko vyangu. Kasema mafuta yalishatupwa. Mali ya mtu inatupwa bila hata kumuuliza mwenyewe! Mama watoto kashauri tufunge duka la majeneza, tuuze vitanda, kwani uso huu mpya ungewafaa maharusi. Vitanda! Mimi!

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimemuuliza daktari kama anaweza kuzivuta chini pembe za mdomo. Kasema hajawahi kuombwa jambo hilo. Bila shaka hajawahi. Randa hawezi kufikiria mbali hivyo.

Napasuliwa Jumanne.