Mluzi Wangu na Treni ya Mjini

Jumatatu, 4 Machi

Moyo unaruka kama chura! Stesheni wamebandika tangazo. Mke wa mwanangu kanisomea (miwani ilikuwa mbali, siyo kwamba sijui). Wanatafuta mlio wa kupigwa kwenye spika kabla treni haijaondoka. Ujirekodi, uweke mtandaoni, utakaopendwa zaidi ndio huo. Jibu wiki ijayo. Mlio! Si mimi huyu? Kwa mluzi wa vidole viwili niliwahi kumrudisha ng'ombe aliyekwisha vuka mto! Hata nikifa, mji mzima utanisikia kila asubuhi. Mke wangu kasema nikiwa hai tu ananisikia, inamtosha.

Jumanne, 5 Machi

Gundi naye anashindana! Yule mshona viatu, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Ana kinanda cha mdomo. Katangaza barazani kwamba mzee mwenye pengo mluzi utamtokea wapi. Nikamjibu pengo ndilo linalotia utamu. Nimejirekodi chooni, pale mwangwi ni wa kifalme. Mkwe kaangalia, kasema nimerekodi dari. Gundi tayari ana wasikilizaji. Shangazi zake wote hao, nawajua!

Alhamisi, 7 Machi

Mpango mpya. Mlio wa treni unarekodiwa wapi? Kwenye treni! Akili hizi sikusomea.

Tukaenda, mkwe kashika simu. Gundi naye alikuwapo, anapeleka viatu vya wateja. Kaweka mzigo behewani, kashuka kununua maji. Yule wa filimbi, ambaye akipuliza ndipo dereva anaondoka, alikuwa anamsaidia bibi mmoja kubeba mizigo. Pakatulia. Nikatia vidole mdomoni.

Lo! Mluzi gani ule!

Treni ikaondoka. Wa filimbi nje. Gundi nje. Viatu ndani! Gundi akaikimbilia huku anapiga kelele: nisubirini jamani, viatu vya watu! Kumbe mzee yule ana mbio. Wa filimbi akanikamata kola, akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia sikutumwa, nimejaliwa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepigwa marufuku kukanyaga stesheni. Mke wangu hasemi nami, sahani ndizo zinazosema. Viatu vimepatikana kituo cha mwisho, ila kimoja cha kushoto.

Lakini video! Mkwe kaiweka. Mtu tusiyemjua kaitia ngoma. Mji mzima unaicheza, simu inatetemeka kama ina homa. Nimeshinda! Nimemjulisha Gundi kwa upole, kupitia dirisha. Mara kadhaa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimesimama ng'ambo ya barabara, shati la kupigia picha. Treni ikaja. Spika ikakohoa.

Nisubirini jamani, viatu vya watu! Na ngoma chini yake!

Gundi! Koo la Gundi! Abiria wanaitikia, wanamkimbilia kumpa mkono kama bwana harusi. Mluzi wangu wameukata. Ofisa wa stesheni kaeleza kwamba hawawezi kupiga mlio unaoondosha treni. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Angalau leo sahani zimenyamaza.

Nimetafakari. Gundi alikimbizwa na nani? Na mimi! Basi mtunzi ni mimi, yeye ni chombo tu. Nimemweleza hayo dirishani. Kafunga dirisha. Wivu.

Tena marufuku ni ya stesheni peke yake. Nasikia zimamoto wanataka king'ora kipya.

Nimeanza mazoezi. Nipo chooni.