Teroldego ya Bartolomayo

Jumatano, 3 Agosti 1994
Bi Debora anafungua hoteli mjini, ya kulaza wabunge. Anataka mvinyo mwekundu wa hapa Makutupora, na atachukua kwa mkulima mmoja tu. Jumamosi anakuja kuonja. Tumebaki wawili, mimi na jirani yangu Bartolomayo. Yeye ana ng'ombe. Mimi nina zabibu tu, na tangu kiwanda kiache kununua zinaozea shambani.
Mvinyo wake ni wa teroldego. Miche alipewa na padri Muitaliano. Padri anasema hata kwao zabibu hiyo ilidharauliwa miaka mingi, na sasa watu wanaitafuta. Nami nilipewa siku ile ile. Nilikataa, kweli. Lakini si angenibembeleza kidogo?

Alhamisi, 4 Agosti
Nimepata akili. Madumu yetu yanafanana. Kesho jioni Bartolomayo na mkewe Paskazia wana mazoezi ya kwaya. Nitaingia stoo yao, nichukue dumu lao, niwaachie letu. Mke wangu Generosa simwambii. Hawezi kunyamaza.

Ijumaa, 5 Agosti
Tayari. Mgongo unauma. Mbwa wao alinisindikiza hadi mlangoni bila kubweka, labda hata yeye yuko upande wangu.
Nimeonja. Italia yenyewe. Hauna uhusiano wowote na ule wetu.

Jumamosi, 6 Agosti
Sielewi.
Bi Debora alionja wangu, akasema si mbaya, wa kawaida. Akaonja wa Bartolomayo, mweusi kama wino. Akaomba tena. Akasema, "Huu ndio. Pole, Mzee Yotham."
Nikamwambia ulimi wake umechoka na safari. Bartolomayo alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe wake akipanda ngazi.
Nyumbani Generosa akalia. Akasema jana mchana yeye na Paskazia walibadilisha madumu. Wazo la Bartolomayo mwenyewe: sisi tushinde, maana yeye ana ng'ombe. Teroldego ilikuwa stoo kwetu. Mimi ndiye niliyeirudisha, tena kwa mgongo wangu.
Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema eti mimi siwezi kunyamaza.
Nimefikiri sana. Jambo moja tu liko wazi: wamenihujumu.

Jumatatu, 8 Agosti
Bartolomayo kaja asubuhi. Kasema niende nikate vipandikizi vya teroldego, bure, mstari wa karibu na tangi la maji, nipande zangu. Nikamshukuru. Lakini mimi si mtoto. Nani anatoa mali bure? Nikaenda mstari wa mwisho kabisa, huko alikotaka nisifike, nikakata mzigo mzima.
Paskazia akanikuta. Akauliza, kwa upole kabisa, mbona nakata hizo, hizo ni zile za kawaida tulizowapa mimi na Generosa walipohamia.
Nikatabasamu. Mtu akihangaika hivyo kukuzuia, ujue umegusa penyewe. Nimeshapanda zote.